Boti ya moteri ku Ziwa Kivu: mambo ya kupanga mbele ya safari ya kwanza



Kooperative kadhaa tunazotembelea kando ya Ziwa Kivu zimeanza kuacha pirogi ya kafi na kutumia boti ya moteri. Zingine ziko bado zinakusanya pesa ya kununua. Faida tunaiona wote: kahawa iliyochumwa asubuhi ku Idjwi inafika ku stasioni ya kuoshea siku ile ile, na mama mwenye ndizi ao maharagi anafika ku soko na kurudi nyumbani mbele ya usiku.

Lakini moteri inakuja na hatari zake. Hata mtu aliyezaliwa kando ya ziwa, mwenye kujua kafi tangu utoto, hajajua moteri bado. Pirogi ya kafi inakwenda polepole na inakupa muda wa kufikiri. Boti inayokwenda kilometa 20 kwa saa inapita zaidi ya mita 5 kila sekunde. Ukigeuza kichwa kuongea na mtu wa nyuma kwa sekunde sita, umeshapita mita 30 bila kuangalia mbele.

Katika ukurasa huu tunaeleza namna ya kuandaa safari za kwanza. Na tunasema mapema neno letu kubwa: sehemu kubwa ya ajali za boti inaandaliwa ku bandari, mbele moteri haijawashwa. Kwa hiyo na usalama unaandaliwa hapo hapo.

Ziwa hili limekwisha kutufundisha

Wazee wa Idjwi, Kalehe na Minova wanakumbuka miaka kahawa yetu ilipokuwa haina mnunuzi mzuri upande wa Congo. Watu waliipakia katika pirogi na kuvuka usiku kwenda kuiuza Rwanda. Wengi hawakurudi. Wajane wao ndio baadaye walioingia katika kooperative za kahawa pamoja na wengine, ili mazao yauzwe mchana, kwa bei inayojulikana. Kooperative ilizaliwa pia juu ya kuzuia watu wasife majini. Haifai boti ya kooperative irudishe kifo kile kile.

Mwezi wa Aprili 2019, boti ilizama ku Ziwa Kivu upande wa Kalehe na watu wengi wakapotea. Prezida wa Jamhuri alifika Kalehe, akaagiza kila msafiri wa majini avae jile ya kuokoa maisha. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wanangojea ndugu zao. Makumi ya watu walikufa. Haikuwa usiku. Haikuwa katikati ya ziwa. Ilikuwa imebaki kidogo tu wafike, na boti ilikuwa imejaa kupita kipimo.

Tunayataja haya kwa heshima ya waliotuacha, na juu ya kuonyesha jambo moja: "tuko karibu kufika" haiokoi mtu.

Ziwa letu liko namna gani?

Ziwa Kivu liko na urefu wa karibu kilometa 90, na upana wake mahali pengine unafika karibu kilometa 50. Kina chake kinapita mita 450. Usitegemee kusimama chini. Mahali pengi kando yake ni mwamba unaoshuka moja kwa moja: hatua chache tu kutoka majani, na hakuna tena pa kukanyaga.

Mara nyingi asubuhi maji yanatulia. Kadiri jua linavyopanda, upepo unaamka, na mchana mawimbi yanaweza kuwa makubwa. Wakati wa mvua, dhoruba inatelemka kutoka milimani haraka sana. Wakati wa kiangazi, mwezi wa Juni mpaka Agosti, upepo wa kusini-mashariki unaweza kupiga siku nzima. Upepo ukipita juu ya maji mengi bila kizuizi, unajenga wimbi kubwa. Ndiyo maana ku ghuba ndogo unaona maji yametulia, lakini ukishapita ncha ya kisiwa unakuta ziwa lingine kabisa.

Basi, kanuni ya kwanza: ondokeni asubuhi mapema, kukiwa na mwangaza wa kuona vizuri, na mpange kurudi mbele upepo wa mchana haujapata nguvu. Mbele ya kuondoka, wapigieni telefone watu wa upande munaokwenda. Waulizeni: "Huko maji yako aje? Mawingu yako wapi?" Inite za dakika mbili ni bei ndogo sana. Mawingu meusi yakikusanyika upande munaokwenda, ngojeni. Na msisafiri usiku, hata kama muko na taa. Usiku hamuoni wimbi linalokuja wala mti unaoelea, na mkipinduka hakuna mtu atakayewaona.

Uzito: hesabu inafanywa kwa kalamu

Kila boti iko na kipimo chake. Mwulizeni fundi aliyeijenga, na wakubwa wa bandari wanaoikagua, inaweza kubeba kilo ngapi. Andikeni hesabu hiyo kwa rangi ku ubavu wa boti, mahali kila abiria anaweza kuisoma.

Tuchukue mfano wa boti ya kilo 1.500. Watu 12, kila mmoja tukimhesabu kilo 70, ni kilo 840. Moteri, esanse na vyombo vya kazi, tuseme kilo 100. Jumla ni 940. Inabaki 560. Gunia la kahawa kavu la kilo 60 linaingia mara 9, yaani kilo 540. Gunia la kumi halipandi. Hata kama ni la prezida wa kooperative, halipandi.

Msisahau maji. Maji yanayoingia chini ya boti yako na uzito: litri 100 ni kilo 100. Na uzito ule unatembea. Boti ikilala kushoto, maji yote yanakimbilia kushoto na kuilaza zaidi. Kwa hiyo kila safari inahitaji ndoo ya kutoa maji, na mtu mmoja anayepewa kazi hiyo. Gunia likilowa na mvua nalo linaongezeka uzito.

Pigeni mstari wa rangi ku ubavu wa boti, upande wa kulia na wa kushoto. Mstari ukizama, hamuondoki. Kwa boti ya wazi tunashauri ubavu ubaki juu ya maji sentimita 40 ao zaidi, mzigo ukiwa umekwisha kupakiwa na watu wote wamekaa. Mstari huu unasaidia sana juu ya maneno yale tunayoyasikia kila siku: "Papa, songa kidogo, tunaongeza wawili tu." Dereva hana lazima ya kugombana na mtu. Anaonyesha mstari kwa kidole.

Namna ya kupanga ni hii: magunia chini kabisa na katikati, yafungwe yasiteleze. Watu wanakaa, hawasimami, na hawakai juu ya magunia. Uzito ulingane kushoto na kulia. Mkifika ku bandari, kila mmoja abaki mahali pake mpaka boti ifungwe kwa kamba, kisha washuke mmoja mmoja. Wakati watu wote wanasimama pamoja na kukimbilia upande mmoja juu ya kuona nani anawangojea, boti inaweza kupinduka hata ikiwa imegusa kando.

Jile inavaliwa, haikaliwi

Mara nyingi tunaona jile mpya zimefungwa ku kamba nyuma ya boti, ao watu wamezikalia kama mto. Jile ya namna ile haitaokoa mtu. Boti inapinduka katika sekunde chache, na ndani ya maji, nguo zikiwa zimelowa na watu wakishikana, ni vigumu sana kuvaa jile.

Kila mtu avae jile yake ku bandari, afunge kamba zote, na dereva apite kukagua mbele ya kuwasha moteri. Shika jile ku mabega na uivute juu: ikipanda mpaka masikio, haijafungwa vizuri ao ni kubwa mno. Mtoto avae jile ya kipimo cha mtoto. Mama mwenye mtoto mgongoni afungue kitambaa, mtoto avae jile yake, na mama amshike mbele. Mtoto aliyefungwa mgongoni atakuwa na uso ndani ya maji mama akielea.

Wengine wanatuuliza juu ya bidoni. Bidoni tupu ya litri 20, iliyofungwa vizuri, inasaidia mtu kuelea akiishika. Ni vizuri kuwa nazo mbili ao tatu ndani ya boti. Lakini mtu akichoka ao akizimia ataiachilia. Jile haimwachilii. Kwa hiyo bidoni ni ya kuongeza, haikamati nafasi ya jile.

Moteri na esanse

Ziwa Kivu liko juu, karibu mita 1.460 juu ya bahari. Huku hewa ni nyepesi, na moteri inapoteza nguvu, karibu 15 kwa 100 ukilinganisha na baharini. Moteri iliyoandikwa farasi 40 inakupa kama farasi 34. Mtu wa duka akiwaambia "hii inasukuma mzigo huo bila shida", kumbukeni hesabu hii.

Moteri nyingi ndogo za hapa zinachanganya oili ndani ya esanse. Kipimo kinachoonekana sana ni litri 1 ya oili kwa litri 50 za esanse, lakini kitabu cha moteri yenu njo kinaamua, na moteri mpya inahitaji oili zaidi siku za kwanza. Oili ikipunguka, moteri inaungua. Ikizidi, buji inachafuka na moteri inazimika katikati ya ziwa.

Kuhusu wingi wa esanse, gawanyeni mara tatu: sehemu moja ya kwenda, sehemu moja ya kurudi, sehemu moja ya kubaki. Kama kwenda kunakula litri 10, boti iondoke na 30. Upepo wa mbele unaweza kukulazimisha kutumia nyingi kuliko ulivyofikiri.

Esanse inamiminwa moteri ikiwa imezimwa na abiria wakiwa bado ku inchi kavu. Hakuna sigara, hakuna telefone mkononi. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala chini ya boti ukingojea cheche moja. Pia hakuna kupika ndani ya boti. Mwezi wa Aprili 2025, ku mto Congo karibu na Mbandaka, moto ulikamata chombo wakati mtu alikuwa anapika ndani, na watu wengi wakafa, wengine kwa moto, wengine kwa kuruka majini bila kujua kuogelea.

Mbele ya kila safari, dereva akague haya:

- Moteri imekazwa vizuri ku boti, na iko na kamba ya kuishika isianguke.
- Majani ya chuma yanayozunguka majini (elisi) hayajapasuka, wala hayajafungwa na sashe ao nyuzi za nyavu.
- Moteri ikiwaka, maji ya kupoza yanatoka kwa nyuma. Yasipotoka, zima mara moja.
- Ndani ya boti kuna kafi mbili, ndoo, kamba ndefu, nanga, tochi, filimbi, buji ya kubadilisha na kle yake.
- Telefone iko ndani ya sashe iliyofungwa vizuri, na iko na moto ya kutosha.

Kuna na kamba ndogo nyekundu ambayo watu wengi wanaitupa: ile ya kuzimia moteri. Dereva aifunge ku mkono ao ku mguu. Akianguka majini, kamba inachomoka na moteri inazimika. Bila kamba ile, boti inaendelea bila mtu, inazunguka, na inaweza kurudi juu ya dereva mwenyewe na elisi yake.

Mukiwa njiani

Dereva mpya asibebe watu safari za kwanza. Aanze ndani ya ghuba, maji yakiwa yametulia, pamoja na dereva mwenye uzoefu. Ajifunze kusimamisha, kugeuka polepole, kufika ku bandari bila kugonga. Kisha abebe magunia machache. Mwisho, watu.

Mawimbi yakianza, punguza mwendo. Usiyaache yapige ubavu. Elekeza pua ya boti kwa wimbi, kidogo pembeni, ili boti ipande na kushuka. Kama njia yenu inawalazimisha kupokea wimbi la ubavu, kateni njia kwa pembe, hata kama inakuwa ndefu. Usigeuke ghafla ukiwa na mwendo na mzigo.

Mukikutana uso kwa uso na boti nyingine, kila moja ipite kuume kwake. Boti inayotoka upande wako wa kuume, uiachie ipite. Mwenye moteri anamwachia mwenye kafi. Boti kubwa za Bukavu na Goma haziwezi kusimama haraka: msipite mbele ya pua yake, na mkipokea wimbi lake, lipokeeni kwa pua.

Asubuhi mtakutana na wavuvi wa sambaza wanaorudi na pirogi zao tatu zilizofungwa pamoja kwa miti mirefu. Pitieni mbali na polepole. Wimbi lenu linaweza kuwamwagia kazi ya usiku mzima, na nyavu yao ikikamata elisi, ninyi wote mumesimama.

Kumbukeni pia mpaka. Hauna alama juu ya maji, na boti iliyozimika inaweza kusukumwa na upepo upande wa Rwanda. Kila mtu awe na kitambulisho chake, na dereva awe na karatasi za boti.

Boti ikipinduka

Bakini na boti. Boti ya mbao, hata ikijaa maji, mara nyingi inaelea, na inaonekana toka mbali kuliko kichwa cha mtu. Shikeni ubavu, hesabuni watu, watoto wawe katikati. Pigeni filimbi. Msijaribu kuogelea kwenda kando juu ya kuona ni karibu: ku maji umbali unadanganya, na nguvu zinaisha katikati. Maji ya Kivu hayaonekani baridi sana, lakini yanatoa joto la mwili haraka kuliko hewa. Kwa hiyo mwenye jile akunje magoti kifuani, na watu wakaribiane.

Hapa orodha inaleta faida yake. Mbele ya kuondoka, mtu wa kooperative anayebaki ku bandari aandike jina la kila aliyepanda, saa ya kuondoka na saa ya kufika. Saa ya kufika ikipita na telefone haiingie, anatoa habari kwa wakubwa wa bandari na kwa wavuvi. Bila orodha, hakuna anayejua kama wanatafuta watu 8 ao 18.

Tena, mukilazimishwa kulala kando upande wa kaskazini, karibu na Goma na Sake, msilale ku mashimo wala mahali pa bondeni. Hewa mbaya ya volkano, ile tunayoita mazuku, inalala chini, haionekani na inaua.

Kahawa haisubiri, lakini nani analipa?

Sasa tunafika ku neno lenyewe. Watu wengi wanajua kwamba mawimbi ni hatari. Mbona wanaondoka? Juu ya pesa. Kahawa mbivu ikichumwa, inapaswa kukobolewa siku ile ile, ikichelewa inaanza kuchacha na bei inashuka. Mama ameshachuma, ada ya shule inangojea. Dereva anaangalia mawingu, anaangalia magunia, anaangalia watu wanaomwangalia. Halafu anasema: "Tuende tu, tutafika."

Tusimwachie dereva mzigo huu peke yake. Kama anayekataa kuondoka anapoteza mshahara wa siku, na mwenye kahawa anapoteza mavuno, basi boti itaondoka kila mara, hata siku mbaya. Kanuni zote tulizoandika hapa juu zitabaki karatasi.

Kwa hiyo tunaomba kila komite ilete mambo haya ku mkutano mkuu, yapigiwe kura na kuandikwa katika kanuni za ndani:

1. Dereva akisema "hatuondoki", hakuna anayeweza kumlazimisha, na analipwa siku yake.
2. Hasara ya kahawa iliyobaki juu ya upepo mbaya inabebwa na kese ya kooperative, haibebwi na mwanamemba mmoja. Tengeni sehemu ndogo ya kila mauzo juu ya jambo hili.
3. Upande wa kisiwa kuwe na mashine ndogo ya mkono ya kukoboa, ili kahawa isiharibike boti ikichelewa. Siku ya mawingu mabaya, wapeni wachumaji habari mapema wapunguze kuchuma.
4. Hakuna jile, hakuna safari. Bei ya jile inahesabiwa ndani ya bei ya boti tangu mwanzo. Kama pesa inatosha moteri kubwa bila jile, nunueni moteri ndogo pamoja na jile.
5. Mstari wa uzito unaheshimiwa na wote, viongozi wakiwa wa kwanza.

Mama mmoja mmoja na baba mmoja mmoja wanaweza pia kuanza leo bila kungojea mkutano. Ukiona mstari umezama, shuka. Ukiona dereva amekunywa pombe, shuka. Waambie na wengine washuke. Boti haiwezi kuondoka bila abiria, na soko litakuwapo tena juma lijalo.